Filamu Mbaya Kuliko Zote

Jumamosi, 4 Oktoba 2025

Oktoba imeingia na binti yangu Merveille ameanza tena. Kila mwaka ni hivyo hivyo – filamu za kutisha mfululizo, mpaka ile siku watoto wanapopita milangoni kuomba pipi. Mwaka huu ana daftari. Anaandika jina la filamu na kuipa maksi juu ya kumi. Nimemwambia mchungaji akilikuta hilo daftari ataliombea. Akajibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba mchungaji hana haja ya kujua kila kitu. Miaka kumi na sita! Mdomo wa bibi yake.

Leo sikuwa na ovataimu, nikakaa naye kwenye kochi. Vijana watano wanaenda msituni, gari linazimika, wanaona nyumba yenye taa moja – wanaingia! Nikawaambia kwa sauti wasiingie. Merveille alicheka mpaka akamwaga soda. Amewapa nne. Mimi nimewapa mbili, na zote mbili ni za mbwa, aliyekuwa na akili ya kubaki nje.

Jumatano, 8 Oktoba

Dude la matopeni. Nyuma ya shingo yake zipu inaonekana. Zipu kabisa!

Merveille: moja. Mimi: saba. Sijacheka hivi tangu Pasaka.

Enzi zile ningesema ni kovu la vita, na watu wangeamini.

Jumapili, 12 Oktoba

Baada ya ibada Merveille ameniuliza nilijulia wapi filamu hizi, maana kila mara nabashiri nani atakufa. Nikamwambia nilikuwa mfasiri wa filamu. Aliweka simu chini, kifudifudi. Binti yangu wa kumzaa, hakuwahi kujua! Sijui kwa nini sikumwambia.

Bon. Kambini Tanzania, 2003. Kaka yangu Eliezer alikuwa na banda la video. Kuta za udongo, mablanketi ya msaada madirishani ili pawe na giza mchana, televisheni moja, deki moja, jenereta nyuma. Filamu zote za Kiingereza. Mfasiri wetu, mtu wa Bukavu, alipata safari yake ya kuhamishiwa nchi nyingine akaondoka Jumamosi, watu wameshakaa kwenye mabenchi. Eliezer akanitazama. Nilikuwa na miaka ishirini na moja na Kiingereza nilichofundishwa na masista, labda maneno mia mbili. Akanipa maikrofoni. Ilikuwa imefungwa kwa mpira wa baiskeli.

Maneno mia mbili hayatoshi filamu. Mengine nilitunga. Nilitazama uso, nikasema kile ambacho uso ule ungesema. Jini moja nililifanya liongee kama karani wa kugawa unga – leta kadi, wewe si wa foleni hii, rudi Alhamisi. Watu walianguka kwa kicheko. Halafu jini likamkamata mtu. Watoto wameshikana chini ya mabenchi. Harufu ya petroli na karanga za kukaanga. Kesho yake bombani wanawake wananiuliza yule binti alifika kwao salama? Kama vile ni jirani. Nawajibu alifika, tena ameolewa.

Waliniita Dada Sauti. Hapa Fridley, Marekani, hakuna anayeniita hivyo. Kiwandani jina langu, Perpétue, wamelikata likabaki Pepe.

Merveille alitaka nimwonyeshe. Akazima sauti ya televisheni, tangazo la bima linapita, nikampa yule bwana wa bima maneno. Tulicheka mpaka jirani wa chini akagonga dari yake.

Jumamosi, 18 Oktoba

Leo nzuri. Hakuna damu, hakuna dude. Mzee anaishi peke yake, na kila akirudi kutoka dukani kiti cha jikoni kimesogea kidogo. Basi, kiti tu! Mwishoni anapakua chakula cha watu wawili. Merveille tisa, mimi tisa. Nilipokwenda jikoni kuchemsha chai niliviangalia viti vyangu kwanza.

Nimekumbuka filamu moja ya kambini. Niliipenda kuliko zote. Nyumba yenye madirisha ya kijani. Mwanamke wa gauni la kijivu, nywele zimelowa, anapita chumba hadi chumba akimtafuta mwanawe. Watu wanamkimbia, kumbe ni mama tu. Mwishoni mtoto anasimama, hakimbii. Mwanamke ananyoosha mkono na kumwambia, "Mwanangu, hukuniacha. Nilibaki kwa kutaka mwenyewe." Banda zima lililia. Wanaume wazima wanajifanya wana mafua.

Eliezer aliionyesha karibu kila wiki. Watu walichoka, yeye hakuchoka. Filamu nyingine alikaa nje na jenereta lake. Hii aliingia, akasimama mlangoni mpaka mwisho.

Jina silijui. Merveille amechukua simu, ananihoji kama polisi. Gari la aina gani? Kuna mbwa? Mtoto amevaa nini? Koti la njano, nikasema. Hilo nalikumbuka vizuri.

Alhamisi, 23 Oktoba

Imepatikana! Koti la njano ndilo lililoifichua. Merveille amenisomea wanayoandika watu mtandaoni: moja ya filamu mbovu kuliko zote zilizowahi kutengenezwa. Amefurahi mno, filamu mbovu anazipenda kuliko nzuri. Mimi nimeudhika kidogo – kama mtu amesema nyumba ya kwetu inanuka.

Jumamosi, 25 Oktoba

Tumeitazama mchana, mapazia yamefungwa. Miaka kumi na minne niko Minnesota, sasa nasikia kila neno.

Yule mwanamke si mama. Hana mtoto. Ni mwenye nyumba aliyefia humo, na mvulana wa koti la njano ni wa wapangaji. Anachotaka ni nyumba yake tu. Mwishoni, mkono umenyooshwa vile vile ninavyoukumbuka, anasema: Toka nyumbani mwangu. Mvulana anaanguka kwenye ngazi, majina yanapanda. Imekwisha.

Merveille akauliza yale maneno ya mwanangu yako wapi. Nikasema sijui. Kisha nikajua. Niliyasema mimi.

Mama yetu alibaki Baraka, mji wetu kule Kongo, ufukweni mwa ziwa, 1998. Vita vilikuwa nyuma yetu. Nilikuwa na miaka kumi na sita na homa kali, sioni mbele. Eliezer alinibeba hadi kwenye boti. Aliniambia Mama atakuja na boti inayofuata. Hakuja. Tulimtafuta kwenye orodha zote za waliopotea, miaka na miaka. Eliezer alieleza watu kwamba Mama mwenyewe alimsukuma aende. Mimi moyoni nilijua jambo moja: boti ilijaa, na mtoto mgonjwa aliyechukua nafasi yake ni mimi.

Ndiyo maana. Nilimpa yule mwanamke maneno ili aniambie mimi. Mbele ya watu mia, kwa maikrofoni, wiki hadi wiki. Miaka ishirini na miwili sikujua kwamba nilifanya hivyo. Au nilijua.

Merveille aliandika mbili. Akafuta. Ameacha pale patupu.

Jumapili, 26 Oktoba

Eliezer alikuwa kanisani. Anaishi Burnsville siku hizi, anaendesha basi dogo la hoteli kule Bloomington, kuchukua wageni uwanja wa ndege. Tukikutana tunaongea matairi ya msimu wa theluji na arusi za watu. Mambo ya Baraka hatuyagusi. Hatujawahi.

Kabla sijamkanya, Merveille alimwambia: mjomba, nimeipata filamu yenu. Eliezer alikuwa na kikombe cha chai, hakukinywa. Akauliza kama ni ile ya madirisha ya kijani. Ndiyo. Akasema Ijumaa hana shifti, atakuja.

Kiingereza chake kimepita changu. Atasikia kila kitu. Yeye ndiye aliyesimama mlangoni kila wiki, akiamini. Nikimwondolea yale maneno, atabaki na nini?

Jumatano, 29 Oktoba

Nimemwomba Merveille aseme filamu imeondolewa mtandaoni. Amekataa. Anasema ni mimi niliyemfundisha kwamba mkubwa hadanganywi. 

Theluji nyepesi asubuhi nikienda kazini, kama unga. Saa nne ilikuwa imeshayeyuka. Nimenunua pipi mifuko miwili.

Leo hakuna filamu.

Ijumaa, 31 Oktoba

Naandika chumbani, mlango nimefunga. Saa kumi na mbili na nusu jioni. Nimewaambia nafuata sweta.

Eliezer alifika saa kumi na moja, ameleta mikate ya mafuta aliyoikaanga mwenyewe, bado ya moto kwenye taulo. Amevaa shati la kanisani. Kwa filamu! Alikaa pembeni mwa kochi, mikono magotini. Watoto wa jengo walikuwa wanapita koridoni, kila dakika mlango unagongwa na Merveille anasimamisha filamu, anakwenda na bakuli. Kwa hiyo ilikwenda polepole. Eliezer alicheka pale penye mpishi, palepale ambapo banda lilikuwa likicheka, ingawa mpishi wa kweli hasemi lolote la kuchekesha. Nilimpenda sana pale. Niliona nywele zake zimekuwa nyeupe nyuma ya masikio.

Tulifika mwisho. Mwanamke amenyoosha mkono. Mlango ukagongwa, Merveille akasimamisha filamu hapo hapo, mkono hewani. Nikaona kama sisemi sasa sitasema tena.

"Yaya," nikamwambia, kama kwetu tunavyomwita kaka mkubwa, "utakayoyasikia sasa siyo niliyokuwa nikiyasema."

"Najua."

Nikasema hapana, hujui, nilitunga. Akatikisa kichwa. Akanieleza taratibu, kwa sauti yake ya kuongea na wageni wa hoteli. Kasha la ile kaseti lilikuwa na maelezo nyuma kwa Kifaransa. Aliyasoma siku aliyoinunua. Alijua ni mwenye nyumba, alijua hana mtoto. Siku ya kwanza alipita tu mlangoni kuangalia waya, akanisikia nasema yale maneno, miguu ikakataa kuondoka. Kuanzia hapo akawa anaiweka ili nimsemeshe Mama, nimpe sauti. Hivyo ndivyo alivyosema – umsemeshe Mama.

Nikadhani yamekwisha. Nilikuwa hata nimeanza kutabasamu.

Akasema, "Mama hakunisukuma niende."

Merveille alikuwa amesharudi, amesimama na bakuli la pipi. Huyu mtoto hajibu Kiswahili, lakini hakuna neno linalompita. Sikumwambia aondoke.

Eliezer alisema mwenye boti aliwaambia amebakiza nafasi mbili. Watu watatu, nafasi mbili. Mama alikuwa amekaa mchangani kwa sababu ya mguu wake ulioumia njiani, alisikia. Hakusema nenda, hakusema nichukue. Alimtazama tu, anasubiri. Naye Eliezer akageuka, akaniinua mimi, akaingia majini. Hakuangalia nyuma mpaka injini ilipowaka. Nilipomwuliza kule ng'ambo, habari ya kusukumwa ilimtoka mdomoni yenyewe, na baada ya hapo ikawa haiwezi kurudi.

Kisha akaniuliza. Alikuwa anautazama ule mkono kwenye televisheni, si mimi.

"Perpétue. Yale maneno. Ulijua, ukawa unaniambia mimi?"

Ndipo nikasema nasikia baridi, nafuata sweta.

Sikujua. Hilo ndilo jibu. Sikujua lolote, nilikuwa najisemea mwenyewe na yeye akawa anakula sahani yangu mlangoni. Nikisema ndiyo, atakwenda Burnsville leo mtu mwepesi, na mimi nitakuwa nimetunga tena. Nikisema hapana – ana miaka hamsini na mmoja, amebeba hili tangu ana ishirini na minne.

Na mimi je? Mama alikaa mchangani akisubiri kuchaguliwa. Sikulijua hilo jana. Najaribu kuuona uso wake, niseme kile ambacho uso ule ungesema, kazi niliyoijua kuliko zote – na hakitoki kitu. Nina hasira? Tazama mwandiko, kalamu imetoboa karatasi. Lakini namwona pia kijana wa miaka ishirini na minne ndani ya maji hadi kifuani, ameninyanyua juu ya kichwa nisilowe.

Wamegonga tena mlango wa mbele. Namsikia Eliezer mwenyewe amekwenda kufungua. Anaongea na mtoto, anamwuliza yeye ni nani. Sauti ndogo inamjibu ni popo. Eliezer anasema karibu, popo, chukua mbili.

Sasa ni mlango wangu. Merveille. Anasema kwa Kiswahili – Kiswahili! – Mama, tuendelee au tuzime? Mjomba anasema uchague wewe.

Nimemwambia angoje kidogo, bado natafuta sweta.

Sweta nimeshaivaa.