Pini ya Thelathini

4 Machi

Mwanangu mpendwa,

Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaiandika, marahaba. Huku tu wazima. Magoti yananung'unika, lakini cherehani bado inanitii. Baba mtoto na greda lake hawajambo? Na mume wangu mdogo, meno yameanza?

Uliniomba nisilete midoli ya kelele, kambi nzima ya barabara isije ikakesha. Jirani alinishauri ninunue gari la plastiki linaloimba. Nikamwambia mtoto wa miezi saba hana leseni. Kwa hiyo pokea bibu nne za kuzuia mate, nimezikata kwenye koti la mvua, ukipangusa zimekauka. Kuna kitabu cha kitambaa, kila ukurasa una kitu cha kuvuta au kupapasa. Na kuna tembo wa kutafuna, macho yake nimeyadarizi kwa uzi. Vifungo kwenye vitu vya watoto sitaki hata kuviona.

Dereva wa lori la kambi, anayekuletea kifurushi, anapiga honi na mimi bado naandika. Barua hii naibana kwenye bibu ya juu isipotee.

Mama yako

8 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Sisi hatujambo, ila simu huku bado hazishiki hata ukipanda juu ya tangi la maji. Baba mtoto anakusalimu, na wapishi wenzangu wamezionea wivu zile bibu. Mmoja anataka ya kwake, eti naye anachafuka.

Kitabu kimependwa, lakini tembo ndiye mwenye nyumba. Hawaachani. Analala naye, anamtafuna sikio mpaka linadondosha mate. Mwanangu huku tumempachika jina la Mzee kwa sababu kila kitu anakikunjia uso kwanza, tembo tu ndiye aliyechekewa siku ya kwanza.

Barua yako nimeitundika ukutani jikoni, juu ya pipa la unga, niisome ninapokanda.

Hivi mama, vifungo vilikukosea nini? Nimesoma shule nzima nikiwa na shati la zipu, watoto wakinicheka.

Binti yako

12 Machi

Mwanangu,

Nisamehe, leo salamu ni fupi. Mnyang'anye mtoto yule tembo sasa hivi, kabla hujasoma mstari unaofuata.

Unajua mimi pini zangu ni thelathini, na sifuniki cherehani bila kuzihesabu. Siku ile ya kifurushi dereva alinikimbiza, sikuhesabu. Kisha mgongo ukanilaza wiki nzima. Leo nimefungua kopo, ziko ishirini na tisa. Nimefagia, nimepitisha sumaku sakafuni, nimekung'uta hata viatu. Baada ya ile kazi ya mwanao sijashona kitu kingine. Nikiwa bado nimepiga magoti chini ya meza, ndipo barua yako ikaletwa, nikasoma kwamba anamtafuna.

Usimpapase kwa vidole ukaridhika. Mpasue.

Na nikujibu la vifungo, maana kuficha kumenichosha. Kaka yako uliyeambiwa alikufa kwa homa, hakufa kwa homa. Nilimshonea koti la kutimiza mwaka. Nilikuwa na haraka, kifungo kimoja sikukikaza. Alikitia mdomoni nikiwa nimempa mgongo, nageuza pindo la mteja. Tangu siku hiyo nahesabu. Naogopa, mwanangu. Naogopa mikono yangu hii imerudia.

Mama

19 Machi

Mwanangu,

Je, mu wazima? Niandikie hata neno moja.

Lori limekwama ng'ambo hii, mto umefunika daraja. Barua yangu bado imo ndani ya lile lori. Nimemwambia dereva nivuke kwa miguu, amesema mama, maji yanakufika shingoni. Naenda pale kituoni kila asubuhi. Cherehani nimeifunika. Chakula nikikiweka mdomoni nakumbuka mdomo wa mtoto, nakitema.

Hii nayo nampa dereva yule yule. Zitakufikia pamoja, na sijui zitakukuta katika hali gani.

Mama

25 Machi

Mama,

Shikamoo. Mzee ni mzima. Nimeanza na hilo ili ukae chini.

Barua zako nilizipata juzi mto ulipopungua, zote mbili. Siku hiyo Mzee alikuwa ameamka na kikohozi, amekataa uji, nikasema ni meno. Nikasoma mstari wako wa kwanza nimesimama jikoni, nikamnyang'anya tembo. Nilimpasua tembo kwa kisu cha nyama, nikachambua kitambaa kimoja kimoja kwenye sinia. Hapakuwa na pini. Hilo ndilo lililonitisha zaidi, maana kama haimo kwenye tembo, imo wapi?

Msimamizi alitupa gari. Saa nne njiani, kila akikohoa mimi nakufa. Nikwambie kweli, nilikulaani. Nilisema huyu mwanamke ameua mmoja na sasa ananiulia wangu. Nimeyasema, mama, siwezi kuyameza, nisamehe. Hospitali walimpiga picha ya kifua na tumbo. Daktari akaniita nitazame mwenyewe: mifupa tu, safi. Kikohozi ni mafua.

Tukarudi. Jana nimeingia jikoni kukanda, nikainua macho kwenye barua yako ya kwanza ukutani. Imeshikiliwa na pini. Uliibana kwenye bibu kama unavyobana vipimo vya wateja wako, nami nikaichomoa ile pini, nikaitundikia barua. Wiki mbili nimekanda unga chini yake.

Nakurudishia, nimeichomeka kwenye kizibo. Tembo pia yumo, mshone tena. Na unieleze kaka yangu alikuwaje. Si alivyokufa. Alivyokuwa.

Binti yako

2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Uliyoyasema garini nilishajisemea mwenyewe kila siku, hujanizidi. Sina kinyongo.

Pini zimetimia thelathini. Tembo nimemshona, na safari hii namleta mwenyewe. Dereva amenipa kiti cha mbele.

Kaka yako alikuwa mzito kama gunia, akipenda kulala kwenye vitambaa chini ya meza yangu. Na kila kitu alikikunjia uso kwanza. Barua yako ya kwanza niliisoma kwa hofu tupu, nililikumbuka lile jina siku ya pili, nikalia mpaka jirani akaja kugonga. Sikuwahi kukwambia, mwanangu. Na sisi tulimwita Mzee.

Mama yenu