Sato wa Chini ya Dagaa

Buswelu, Jumamosi

Dada yangu Justa,

Kabla ya salamu nakuomba sana: barua hii isome peke yako, kisha uichome. Hata shemeji Machibya asijue neno. Shikamoo dada. Natumaini hapo Nansio hamjambo nyote, na mguu wa mama umepata nafuu. Mimi mwili ni mzima, ila usingizi sina.

Unajua kazi yangu ya ukarani katika ofisi ya uvuvi. Kila wiki nasimama mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, nikiwasihi watu wasinunue sato wachanga, maana hao wakiisha ziwa litabaki maji matupu. Naliamini hilo kabisa. Baba mwenyewe alikuwa akiwarudisha majini tukiona.

Sasa, jumuiya yetu ya kanisani ilipangiwa kusali kwangu Alhamisi. Queen, mwenyekiti wetu, alinitania mbele ya wote kwamba karani wa samaki asije akawalisha maharage. Walicheka sana. Bei ya sato wakubwa ilinishinda, basi nikaenda kwa Mama Tereza, muuza dagaa, nikaomba wa chini. Wateja wake tunaelewa: juu ya ndoo ni dagaa, chini ni sato wasiozidi kiganja. Alishangaa, akaniuliza kama hata mimi nimefika huko, kisha akaahidi kuniletea.

Nilijiambia kuwa wamekwisha kufa, na nisipowanunua mimi atawanunua katekista. Tena mwenye kosa ni mvuvi, mimi nina sufuria tu. Ajabu ni kwamba sikujiona mwongo hata kidogo.

Alhamisi asubuhi doria ilimkamata na ndoo yake. Bosi alimuuliza inakwenda kwa nani. Mama Tereza alinitazama nikiandika maelezo, akajibu kwamba hana mteja maalumu. Yuko mahabusu, na Jumatatu anafikishwa mahakamani.

Jioni ile jumuiya ilikula maharage. Queen, mteja wa siku nyingi wa Mama Tereza, alisema mama yule afungwe iwe fundisho. Wengine wakaitikia amina. Nami niliitikia.

Dada, ndoo ile ilikuwa inakuja kwangu.

Jumatatu nitamweleza bosi kabla kesi haijaitwa. Naogopa. Naweza kufukuzwa, na ada ya mdogo wetu Chenge inatoka hapo. Msalimie mama, ila usimwambie bado. Usinipigie simu, ofisini kila mtu anasikia. Panda meli ya Jumatatu asubuhi. Ukikuta kufuli mlangoni kwangu usiulize majirani, njoo moja kwa moja mahakamani. Nitakuwa nimekaa upande wa Mama Tereza.

Ni mimi mdogo wako,
Revocatus