Kipande cha Shaba Mfukoni mwa Shemeji Sefu

Shemeji,

Hali yako siulizi, maana huko uliko hakuna goti, hakuna presha, hakuna zile ngazi za fleti yenu lifti ikiharibika. Mi goti langu lile lile. Saluni ipo, Peckham ipo, mvua ipo. Kiti chako cha dirishani Jumamosi siku hizi anakalia mume wa mteja mmoja Mghana, mtu hasemi neno, anaangalia simu tu mpaka nasikia hasira. Ulikuwa unaniita Redio Mbao. Sasa redio inatangaza na msikilizaji ndo huyo kafa, nikasema basi nikuandikie. Mwandiko wangu unaujua, vumilia.

Nianze na Shaka, maana nikianza na kingine nitapasuka.

Shaka yule yule mkata tiketi. Yule aliyekuwa anasimama mlangoni pale ukumbini kwetu Magomeni, shati kafungua vifungo mpaka kitovuni, mi kitoto nataka kuingia bugi, lile dansi la Jumapili mchana, nyuma ya dada Zuhura, Mungu amrehemu, hata hujamwoa bado, yeye ananikamata sikio. Wallahi sikio hili la kushoto linamkumbuka mpaka leo. Basi huku London keshakuwa mwanamuziki. Kaondoka Dar na tiketi mkononi, kashuka ndege mpiga tarumbeta. Kofia pembeni, viatu rangi mbili, suruali kaipandisha mpaka kwenye chuchu. Jumatano anawafundisha wazee wa Kizungu salsa huko Harrow. Nilikwenda mara moja nikamchungulie, si unanijua. Watu wamejipanga kama wanasubiri chanjo, wanahesabu kwa sauti, moja mbili tatu, tano sita saba. Nne hawaitaji. Sijui nne imewakosea nini. Na nyuso zimekunjamana, mtu anacheza muziki wa raha kama anafanya mtihani wa udereva.

Sasa sikia. Arobaini yako ilikwenda vizuri, pilau nilipika mimi kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Dua imekwisha, sahani hata hazijatolewa, Shaka akasimama. Hakuna aliyemwomba. Akatangaza kwamba ataandaa kumbukumbu yako, Jumapili mchana, kwenye ukumbi ule wa nyuma ya soko, na atapiga tarumbeta yeye mwenyewe, kwa sababu katika wapulizaji wa bendi yetu ya zamani aliyebaki duniani ni yeye. Yetu. Halafu akaweka mkono kifuani akasema, "Marehemu Sefu alikuwa mpenzi mkubwa wa muziki."

Mpenzi! Kama mimi ninavyopenda tamthilia za Kituruki. Wewe uliyekuwa unasimama mbele pale na suti nyeupe, tarumbeta mdomoni, dada Zuhura anajifanya haangalii. Nilikuwa nimeshika upawa, Mungu tu ndo aliuzuia.

Lakini Shaka hakuniuma. Takataka haiumi, inanuka tu. Aliyeniuma ni Rehema. Nilimtazama, mwanao, nikamwona anatingisha kichwa, anakubali. Kwenye gari nikamuuliza. Unajua tunavyoongea, mi Kiswahili, yeye Kiingereza, kila mtu anashika njia yake tunakutana mbele. Akaniambia, mamdogo, baba alikuwa na hadithi zake, kila baba anazo. Kama alikuwa mpiga tarumbeta, tarumbeta liko wapi? Tangu azaliwe hajaliona ndani ya nyumba ile. Kaona spana, kaona mabomba, kaona vifaa vyako vya ufundi bomba vimejaa mpaka bafuni, tarumbeta hapana. Na hakusema kwa ubaya, Shemeji. Bora angesema kwa ubaya. Alisema kwa upole, kama mtu anayekusitiri. Mwanao anaamini ulimdanganya na keshakusamehe. Nilitazama nje mpaka tukafika.

Nikajaribu kumweleza. Kwamba enzi zile hakuna mpulizaji aliyekuwa na tarumbeta lake. Matarumbeta yote ya mwenye bendi, kama sahani za hotelini. Leo mmegombana naye, kesho umevuka barabara, uko bendi ya jirani unapuliza la tajiri mwingine. Cha mtu mwenyewe kilikuwa kile kipande kidogo cha shaba, cha kule mwisho, pale mnapobandika midomo. Hicho kinakaa mfukoni mwako, unahama nacho, na hakiazimwi, kama mswaki. Ulikuwa ukisema, "Tarumbeta la tajiri, mate yangu." Nikamuuliza Rehema ndani ya koti lako la kahawia hakuona kitu? Akasema nguo zote keshapeleka kwenye duka la hisani, lile la kuuza mitumba ya msaada. Basi nikajua kimekwenda. Na akanitazama, Shemeji, kwa jicho lile ambalo saluni nzima hunitazama. Hadithi ya Redio Mbao unaigawa nusu kwanza, ndo unaimeza. Miaka yote natia chumvi kwenye mambo ya watu, siku nasema kweli tupu hainunuliki.

Jumapili ikafika. Tulikwenda, mi na yeye, nimevaa lile gauni la kijani ulilosema linanifanya nifanane na basi la Nairobi. Shaka kasimama na maikrofoni, anatoa historia. Akaanza Marekani, huko kwenye muziki wa swingi, sijui watu gani walipuliza nini kwenye vilabu gani. Akaenda Kyuba. Akarudi Marekani, nadhani alisahau kitu. Akasema hata yeye aliwahi kuitwa kwenye ile michezo ya kuimba ya West End. Ile Rehema aliyonipeleka mwaka jana, mtu anagombana na mkewe, katikati ya ugomvi anaanza kuimba, na mtaa mzima unatokea madirishani unajua maneno yote! Ulisema nitalala. Nililala. Halafu akafika kwetu akasema bendi za Dar zilikuwa zinapiga jazi, ndo maana zikaitwa jazi. Ungekufa mara ya pili. Si ulikuwa unacheka mpaka chai inakupalia, kwamba kila bendi inajiita jazi na hakuna hata moja inayoipiga, mnakopi rumba na chacha kwenye sahani za santuri za Kyuba, mnaimba Kispaniola hamjui hata neno, pengine mnaimba bei ya viazi, na ukumbi mzima unalia mapenzi.

Shaka kamaliza, akafungua sanduku, akatoa tarumbeta. Linang'aa kama sufuria la harusi. Nyuma yake kulikuwa na wapiga gita, mmoja mzee wa Kikongo wa huko Tottenham, wanamwita Papaa Dodo, aliwahi kupiga Dar ujana wake. Papaa Dodo akalitazama lile tarumbeta, akamuuliza Shaka kwa adabu tu, kama fundi anavyomuuliza fundi, "Ya kwako iko wapi?"

Shaka hakuelewa. Akasema si hili hapa. Papaa Dodo akaonyesha kwa vidole, kitu kidogo hivi, akagusa mfuko wa shati. Shaka akacheka akasema ah, imo humo humo, alilinunua dukani kamili na kila kitu chake. Papaa Dodo alimtazama kama unavyomtazama mtu aliyeingia msikitini na viatu. Alianza tu kukaza nyuzi za gita lake.

Mi nimeshafurahi, natafuta mtu wa kumkonyeza. Nageuka, Rehema kashika funguo zake. Za nyumbani, za gari, na katikati kuna kitu kama kikombe cha mdoli. Anahangaika kukitoa kwa kucha. Nikamuuliza umekipata wapi hicho. Akasema kwenye koti la baba, alidhani ni kipande cha bomba, cha boila la kupashia maji, akakitia kwenye funguo kwa sababu ni kitu cha kazi ya baba. Kimekaa hapo wiki zote hizo, Shemeji, nakipita tu kila anapofungua mlango, na macho yangu haya yanaona mpaka nani kashona nywele zake kwa mkopo.

Akasimama akampelekea Papaa Dodo. Mzee akakipima kiganjani, akakifuta na shati, akauliza ni cha nani. Akajibu cha baba yake. Basi Papaa Dodo hata hakulishika lile sufuria la Shaka. Akakibandika mdomoni hivyo hivyo kitupu, akapuliza.

Kwaa. Kwaa-kwaa. Kama bata kabanwa mlangoni.

Watu wakacheka. Rehema hakucheka. Alirudi akakaa, akanishika goti, lile lile bovu, na sikumwambia aachie.

"Bata," akasema. Kwa Kiswahili. "Mamdogo, yule bata."

Mi sijui bata gani. Ndo akanieleza, machozi yanashuka na hajifuti. Kwamba alipokuwa mdogo, kila asubuhi kabla hujatoka kwenda kazini, unaingia jikoni unafunga mlango, na bata analia mpaka yeye anaamka. Ukamwambia kuna bata anaishi ndani ya boila. Aliamini mpaka alipokuwa mkubwa kidogo, halafu akasahau.

Kumbe ulikuwa unafanya mazoezi. Kila asubuhi ya Mungu, na jaketi la ufundi bomba, unaweka midomo yako tayari kwa tarumbeta ambalo hukuwa nalo. Na hukuniambia hata mimi. Mimi!

Shaka hakupiga. Alisema hali ya hewa imemkamata kifua. Wakapiga magita peke yake, na nikacheza, goti na lifie mbali. Baadaye akatujia mezani na sambusa mdomoni, anamwomba Rehema kile kipande, ati akitie kwenye tarumbeta lake, kwa heshima ya marehemu, atakitunza ukutani sebuleni kwake.

Rehema akakirudisha kwenye funguo polepole. Halafu kwa Kiswahili chake kile kinachopitia puani akamwambia, "Tafuta chako, mjomba."

Sikuongeza neno. Mimi, sikuongeza neno. Ungeniona usingeamini.

Basi Shemeji, nakuacha. Jumamosi hii Rehema kaja saluni, yule Mghana nimemhamishia karibu na drayeri, mwanao kakalia kiti chako na kuniambia mamdogo, haya sema. Nakuahidi nitamwambia yote, suti nyeupe, bendi ya jirani, dada Zuhura na kutoangalia kwake, na chumvi sitatia. Nitatia kidogo sana.

Kipande anakipuliza mwenyewe sasa, asubuhi, jikoni. Majirani wanagonga ukuta. Lala salama, Shemeji. Waache wagonge.