Kwa Nini Sikufika Kumwozesha Zuhura

Umm Salal, Doha
Ijumaa, baada ya chakula cha mchana

Mdogo wangu Hamisi,

Anayekuandikia ni mtu ambaye asipoamka, mji wa Doha unachelewa. Hilo lijue kwanza. Kafili wangu, tajiri aliyenileta huku kwa kazi, hatoki nyumbani mpaka niwashe gari mimi, na wakubwa wanaomsubiri mjini hawaanzi kikao mpaka yeye aingie. Sasa fikiri mwenyewe ni nani anayeiendesha nchi hii. Ndiye huyo mtu ambaye wewe, uliyekaa kibarazani Muheza unamenya machungwa, unamkatia simu.

Assalaam alaykum. Salamu nakupa kwa kuwa dini inanilazimisha. Mgongo wako unaendeleaje? Nauliza kwa sababu Mama ataniuliza kama nimeuliza. Mimi mzima, namshukuru Mungu, tena nimenenepa. Joto la huku linalowaangusha vijana, mimi linanipa hamu ya kula.

Barua anakuletea Mama Rukia, mpishi wa nyumba ya jirani, anayekuja likizo. Simu unaikata katikati ya neno. Karatasi utasoma mpaka mwisho, maana najua umbea wako.

Nimesikia uliyoyasema. Umemwambia Zuhura, mwanao, mtoto niliyemlea kama wangu wakati wewe unazurura na mashamba ya watu, kwamba sikwenda Bahrain kumwozesha kwa sababu namdharau mumewe. Kwamba nilisema mtu wa hadhi yangu havuki nchi kwa ajili ya Mganda anayelinda mlango wa benki. Sasa mtoto hapokei simu yangu. Inaita, inaita, inanyamaza. Ujumbe anausoma, hajibu. Yeye yuko Manama, mimi niko Doha, bahari iliyo kati yetu ungeweza kuitupia jiwe, na hatuongei. Umefurahi? Umelala vizuri?

Basi kaa hapo nikueleze, na usinikate maneno.

Huku, Alhamisi jioni, wageni wenye kazi za ofisini wanakuwa kama mbuzi waliofunguliwa kamba. Huyu anakimbilia Bahrain, yule anakwenda Dubai kwa gari na mkewe na watoto, mwingine anapanda ndege ya Muscat akaone milima, kana kwamba kwao hakuna milima. Jumamosi jioni wanarudi macho mekundu, wanasimulia foleni ya mpakani kama watu waliotoka Hija. Siwapendi hata mmoja. Wana midomo mirefu.

Nami nilikuambia kwamba mimi pia huvuka mpaka. Nilisema, sikatai. Nilisema Bahrain kwangu ni kama wewe kutoka Muheza kwenda Tanga mjini. Lakini nani alikutuma uyachukue maneno ya mazungumzo uyafanyie ndoa? Walii wa Zuhura ni wewe babaake. Ulinipigia simu, shehe wa hapo mtaani akisikia, ukatamka kwamba umenipa uwakala nisimame badala yako. Hukuniuliza. Ulitangaza tu, na wanawake wakapiga vigelegele nyuma yako. Ningesema nini mbele ya vigelegele?

Nikaanza na kibali cha kutoka, maana hapa mfanyakazi hakanyagi mpakani bila ruhusa ya kafili. Kafili alilia. Alinishika mkono akasema, "Athumani, usiporudi, nyumba hii nitamwachia nani?" Nikamtuliza, akasaini.

Halafu nikamtafuta Otieno. Huyu ni Mkenya, mhasibu wa hoteli moja Al Sadd, yeye na mkewe Akinyi, nesi, huenda Bahrain kila wakipata nafasi. Tulikutana nao kwenye mgahawa, Otieno akanipa somo ambalo sikumwomba.

"Mzee, ndege ni haraka, lakini ukishuka kule wanaangalia kazi yako ndio wakupe viza. Barabara nayo si kwamba unatoka hapa unaingia Bahrain. Lazima tukate Saudia kwanza, tuendeshe wee, alafu ndio tupande ile daraja. Saudia pia wanaangalia kazi. Kwa bataka yako, hii kitambulisho ya huku, umeandikwa nani?"

"Nimeandikwa Athumani."

"Si jina, mzee. Kazi. Kuna kazi zinapita na kuna zenye zinarudishwa. Sisi wawili huwa tunapita. Wewe je?"

"Otieno," nikamwambia, "mimi nimepita mipaka wewe ukiwa unanyonya. Kazi yako ni usukani."

Akinyi akacheka. "Wachana na mzee wa watu. Si anaenda kuoza msichana? Watamwachilia tu, vile atakuwa amevaa."

Neno hilo la Akinyi lilinikaa moyoni. Nikavaa, Hamisi. Kanzu mpya, joho jeusi lenye ukingo wa dhahabu, kofia ya mkono aliyonishonea Mama. Nikajifukiza udi mpaka Otieno akafungua madirisha yote na kiyoyozi akakizima. Tulitoka Ijumaa alfajiri. Njiani ni mchanga kushoto, mchanga kulia, na ngamia wachache wanaokutazama kwa dharau. Nilifanya mazoezi ya khutba njia nzima. Sauti yangu ilitoka vizuri kiasi kwamba Akinyi, Mkristo wa watu, alisema "amina" bila kuambiwa.

Upande wa Qatar tukapita. Upande wa Saudia tukafika kwa kijana ambaye masharubu yake yalikuwa hayajaamua kama yataota au la. Akachukua bataka ya Otieno, ya Akinyi, akagonga mihuri. Akachukua yangu. Akaitazama, akanitazama mimi, akaitazama tena. Akamwita mwenzake. Mwenzake akaja na kikombe cha chai mkononi, akasoma, akaangalia joho, akaangalia kofia. Wakacheka. Walicheka mpaka yule wa chai akakiweka kikombe chini.

"Haji," kijana akaniambia, "shuka. Rudi Doha."

Nikamweleza kwa Kiarabu kilichonyooka kuliko chake kwamba mimi ni wakili wa walii na kuna binti ananisubiri. Akasema, "Mabruk," yaani hongera, akanirudishia bataka.

"Wamesema nini, mzee?" Otieno akaniuliza.

"Wamesema jina langu linafanana na la mtu mkubwa wanayemtafuta."

Akanitazama kidogo. "Basi turudi wote. Hatuwezi kukuacha kwa hii jangwa."

Nikakataa. Nikampa mfuko wa Zuhura, udi na kanga na halua, nikamwambia ampelekee mkononi, na alimpelekea. Hilo hujalitangaza kibarazani, sivyo? Kwamba mfuko ulifika?

Nikarudi kwa miguu na joho langu mpaka kituo cha mafuta upande wa Qatar. Hapo ndipo simu zilipoanza. Kwanza Sulaiman, bwana harusi.

"Baba Mukubwa, shikamoo. Sisi tupo musikitini. Shehe anauliza kama uko karibu."

"Niko kwenye foleni, mwanangu. Foleni ndefu."

"Hakuna shida, Baba Mukubwa. Tunakungoja."

Akapiga tena, na tena, kila mara shikamoo kwanza, kila mara hakuna shida. Sauti haikupanda hata mara moja. Wewe umewahi kunisemesha hivyo, Hamisi, tangu tuzaliwe? Mtu mwenye adabu hiyo ndiye unayesema namdharau. Nilisema "Mganda gani tena huyo?" siku ya kwanza, kwa mzaha, na wewe ukacheka kuliko wote.

Mwishowe shehe wa kule akachoka, wakakupigia wewe, ukampa yeye uwakala kwa simu, ikaisha. Wakati mwanao anaolewa mimi nilikuwa nimekaa ndani ya lori la maziwa linalorudi Doha, kati ya dereva Mpakistani asiyependa mazungumzo na maboksi ya mtindi, nasoma ile khutba polepole, peke yangu. Ndivyo nilivyomdharau Mganda.

Na wewe usiyewahi kuvuka hata mpaka wa wilaya bila kusindikizwa, unakaa hapo unanihukumu. Mtu ukiulizwa Bahrain iko upande gani utaonyesha chooni. Kama ulitaka kumwozesha mwanao sawasawa ungeuza ile baiskeli mbovu uje mwenyewe.

Nimemaliza ugomvi. Nisalimie Mama, mwambie kofia yake ilisifiwa na maofisa wa nchi mbili. Nisalimie shemeji Mwanaisha, mkeo, ambaye Mungu atamlipa kwa subira yake. Mzee Kombo, fundi cherehani wa mlango wa pili, mwambie kanzu ilinikaa. Na shehe aliyeshuhudia ule uwakala, mwambie aniombee dua, na wewe akuombee mbili.

Sasa hili la mwisho ni la Zuhura, si lako. Wewe simu yako anaipokea. Watoe watu hapo barazani, na Mwanaisha pia, halafu mpigie umsomee kama nilivyoandika, usiongeze chumvi.

Mwanangu Zuhura, hakuna jina lililofanana na la mtu yeyote. Nilipokuja huku viza ya dereva ilikuwa haipo, kafili alibakiwa na viza ya shambani, akanileta kwa hiyo, na haijabadilishwa mpaka leo. Naendesha gari, lakini bataka yangu imeandikwa mchunga kondoo. Mchunga kondoo Saudia hawampi njia ya kupita, na nilijua kabla sijatoka nyumbani. Nilidhani wataangalia joho.

Baba yako Mkubwa,
Athumani