Idhini Kutoka Barra

Saint Paul, Minnesota
3 Novemba 2024

Kwa Bwana Jumaa Omar,

Assalamu alaykum. Natumai u mzima. Mimi ni mzima.

Anwani yako nimepewa na Ami Mahdi wa Mombasa. Mimi ni Lubna, binti yako. Uliposafiri nilikuwa na miaka saba na pengo la meno ya mbele. Sasa nafanya kazi katika maabara ya hospitali hapa Saint Paul.

Sikuombi pesa, wala sikuombi maelezo. Nataka kuolewa. Mchumba wangu anaitwa Harun Salim, ni mtu wa Malindi, anafanya kazi katika ghala huko Plymouth, mji wa jirani. Sheikh wetu amesema walii wangu, wa kuniozesha, ni wewe, na maadamu u hai na unajulikana ulipo, hurukwi. Nilimwambia uko mbali. Akacheka: "Binti, siku hizi za simu hakuna baba aliye mbali." Hakujua alichokuwa anakicheka.

Amekubali uandike karatasi ya kumpa yeye uwakala wa kuniozesha, utie sahihi mbele ya mashahidi wawili Waislamu. Tunataka kufunga nikaha baada ya Idi.

Ami alinipa na nambari yako ya simu. Sikuitumia. Sauti yako naikumbuka kidogo, na sitaki kuisahihisha.

Lubna Jumaa


Castlebay, kisiwa cha Barra, Uskoti
19 Novemba 2024

Mwanangu Lubna,

Wa alaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakatuh. U hali gani, mwanangu? Kifua kilichokuwa kikikubana utotoni kilipoa? Mama yako hajambo? Na huyo Harun, wazee wake wazima? Mimi namshukuru Mungu. Magoti ndiyo yanayonidai umri, na upepo wa hapa haumwogopi mtu.

Barua yako niliisoma nimesimama jikoni, kisha nikaketi juu ya gunia la viazi nikaisoma tena.

Mimi ni mpishi wa hoteli ndogo hapa bandarini. Kisiwa chenyewe ungekipenda. Ndege ya Glasgow inatua ufukweni, juu ya mchanga mtupu. Maji yakijaa hakuna uwanja. Yakipwa, uwanja umerudi. Rubani anayasubiri maji kama wanawake wa kwetu waendao kuokota kombe, na kweli, ufuko ule ule ndipo watu wanapochimba kombe.

Wana chakula chao, haggis. Wageni hukiogopa kwa jina, lakini ukikifungua ni ndugu wa mutura wa bara: moyo, ini na mapafu ya kondoo, kitunguu, nafaka ya oti na pilipili manga, vyote ndani ya tumbo. Mimi naagiza nyama halali kutoka Glasgow, najipikia yangu pembeni. Siku moja sahani zikachanganyika, watalii wakala yangu, wakaagiza tena. Maureen, mwenye hoteli, akaja mbio: "Jumaa, umetia nini humu?" Nikamwambia bizari. "Nyamaza," akasema, "usimwambie mtu." Whisky yao pia naijua yote kwa harufu, ile ya moshi na ile ya asali, na sijapata kuionja. Wanywaji wenyewe huja kuniuliza.

Jambo lako nimelielewa. Tatizo, kisiwani hapa simjui Mwislamu mwengine. Mashahidi itabidi niwafuate Glasgow: feri mwendo wa karibu saa tano mpaka Oban, halafu treni. Nitakwenda.

Je, baridi ya huko ni ya namna gani? Asubuhi unakula nini?

Baba yako,
Jumaa


Saint Paul
8 Desemba 2024

Kwa Bwana Jumaa,

Assalamu alaykum. Natumai magoti hayajambo.

Kifua kilipoa. Mama hajambo, aliolewa tena na ameridhika. Wazee wa Harun wazima.

Umeuliza habari ya baridi. Ni ya kunyamazisha. Theluji ikianguka, mji wote unakuwa kama chumba kilichotandikwa zulia, hata gari huzisikii. Asubuhi nakula mkate nimesimama, kisha napanda treni ya Green Line. Watu wote wameziba masikio kwa muziki wao. Kazini naangalia damu za watu nisiowaona. Zipo siku ambazo neno la kwanza kutoka kinywani mwangu ni "asante", namwambia mwenye duka la kahawa, na tayari ni jioni.

Sijui kwa nini nimekuandikia hayo. Umeuliza, nami nimejibu.

Utakwenda Glasgow lini?

Lubna


Castlebay
2 Januari 2025

Mwanangu Lubna,

Assalamu alaykum. Kheri ya mwaka mpya. Hujambo? Yule mwenye duka la kahawa hajambo? Mpe salamu, mwambie zatoka kwa baba yako. Mimi mzima, ila nimeshiba vibaya.

Sikiliza vituko. Watu wa hapa wanaamini kwamba mguu wa kwanza kuingia nyumbani mwaka mpya ndio wenye bahati ya mwaka mzima, na mguu bora ni wa mwanamume mweusi. Wao kwa "mweusi" wanakusudia nywele. Basi jirani yangu, bibi kizee anaitwa Morag, akanisimamisha dukani: "Jumaa, miaka yote nilikuwa namtafuta mwenye nywele nyeusi. Wewe umezidi kipimo! Kwangu uje asubuhi, kabla yule mwenye nywele nyekundu wa posta hajanivunjia mwaka." Duka zima likacheka, nami nikacheka.

Asubuhi nikatoka na kipande cha makaa na biskuti zao za siagi. Desturi yataka na chupa ya whisky. Chupa ikabebwa na mume wa Maureen nyuma yangu. Nyumba baada ya nyumba, nabisha, wanafungua, wananipigia makofi kama bwana harusi. Nimelishwa keki nyeusi ya zabibu hadi nikaomba amani. Kila mlango niliofunguliwa nilifurahi, na kila nilipotoka nilikuwa nawaza mlango mmoja ambao mguu wangu haujaukanyaga.

Ukiwa na baridi, pika supu ya huku, Cullen skink. Samaki wa moshi, viazi, kitunguu, maziwa. Mimi maziwa nayapunguza, nusu yake natia tui. Usiile umesimama-umesimama. Keti.

Safari ya Glasgow niliipanga tarehe 17 Desemba, lakini bahari ilichafuka, feri haikuondoka. Nitakwenda hali ikitulia.

Baba yako,
Jumaa


Saint Paul
21 Januari 2025

Bwana Jumaa,

Assalamu alaykum.

Kampuni ya feri huandika mtandaoni kila safari inayofutwa. Nimetazama. Feri ya tarehe 17 Desemba iliondoka Castlebay kama kawaida, na ikafika Oban.

Jumapili iliyopita nilikuwa Roseville, kwa Bi Bimkubwa, mama wa Kimombasa aliyenipokea nilipokuja nchi hii. Mama yake Harun alikuwa kwenye simu kutoka Malindi, sauti imefunguliwa kila mtu asikie.

"Huyo baba," akauliza, "yupo au ni wa kuhadithiwa?"

Bi Bimkubwa akamrukia: "Yupo, dada, yupo! Ni mpishi, yuko Ulaya."

"Mpishi wa miezi mitatu hajaiva?"

Wakacheka. Hata Harun alicheka, kisha akaniona, akachukua funguo za gari. Ndani ya gari akaniuliza polepole, "Lubna, kweli anataka?" Nilitazama dirishani mpaka tukafika. Najua keki ya zabibu, najua makaa, namjua Morag. Wewe sikujui.

Ulinidanganya nilipokuwa na miaka saba. Ulisema unakwenda kwa meli moja na utarudi nayo. Umenidanganya tena kwa feri. Kwako bahari ndiyo inayobeba lawama zote.

Sitaki tena habari za samaki. Nitumie idhini. Karatasi tu.

Lubna


Castlebay
6 Februari 2025

Mwanangu,

Salamu, na afya njema nakuombea.

Feri iliondoka. Mimi ndiye niliyebaki. Nilifika gatini na mkoba wangu, tiketi mkononi. Walipoanza kuiinua ngazi, kijana wa feri akaniita, "Wapanda, Jumaa?" Nikamwambia nimesahau kitu. Nikarudi hotelini nikamenya viazi.

Tangu nije huku, sijawahi kupata barua ya Kiswahili. Yako ilipokuja niliiweka juu ya jokofu, mahali ninapoiona nikipika. Nikahesabu: unalolitaka kwangu ni jambo moja tu. Nikishakupa, utaniandikia kuhusu nini?

Basi nikawa nakuchelewesha kwa supu. Sikufikiria kwamba huko kuna watu wanakucheka. Hilo silo nililolitaka.

Nitakwenda.

Jumaa


Glasgow
24 Februari 2025

Mimi, Jumaa Omar Shee, mkaazi wa Castlebay, Barra, kwa hiari yangu na nikiwa na akili timamu, nampa uwakala Sheikh wa msikiti anaposali binti yangu huko Saint Paul, Minnesota, amwozeshe binti yangu Lubna kwa Harun Salim, kwa mahari atakayoyaridhia yeye Lubna mwenyewe.

Sahihi: Jumaa Omar Shee
Mashahidi: Athman Shebwana, Idris Malik


Saint Paul
20 Aprili 2025

Baba,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. U hali gani? Magoti vipi, na upepo? Maureen hajambo? Morag, je, mwaka wake umekwenda vizuri tangu umkanyagie mlango? Ramadhani uliipitishaje peke yako, bila wa kufuturu naye? Mimi mzima. Kifua hakijanisumbua baridi yote.

Karatasi yako ilifika. Niliitoa, nikaisoma, kisha nikaikung'uta bahasha. Nikaipasua pande zote nikaitazama ndani. Hakukuwa na kitu kingine. Hata salamu. Nilikuwa nimekuagiza hivyo hivyo, nawe ukatii.

Wiki iliyofuata nilifungua sanduku la posta kila nilipopita, nikijiambia nasubiri bili ya umeme.

Karatasi nilikaa nayo. Harun akiuliza, nasema ipo, nitampa Sheikh Ijumaa. Ijumaa ikifika nasema nimeisahau nyumbani. Mara ya pili nilipolisema neno hilo, "nimeisahau", nilikuona gatini na mkoba wako. Siku hiyo hiyo nikaipeleka.

Nikaha ilifungwa Jumamosi ya kwanza baada ya Idi, sebuleni kwa Bi Bimkubwa. Sheikh alisema kwa sauti kwamba anasimama mahali pa Jumaa bin Omar, na jina lako likazunguka chumbani. Nilikuwa chumba cha pili na wanawake, nikalisikia kupitia ukuta. Nilikuwa sijawahi kulisikia likitajwa mbele za watu bila mtu kuguna baadaye.

Baada ya wali, mama mmoja wa Kilamu niliyekuwa simjui aliketi kando yangu akanishika mkono. "Mashallah, bibi harusi. Na baba yako ni mtu wa namna gani?"

Bi Bimkubwa akaanza, "Aa, dada, kula kwanza," maana anajua swali hilo hunifanyia nini. Mimi nikamjibu mwenyewe. Nikamwambia: baba yangu huulizwa habari za whisky na watu wanaokunywa, naye hanywi. Huweka bizari pasipotakiwa. Akichekwa dukani, hucheka nao. Akiogopa hudanganya, na akishikwa hasemi kwamba hakudanganya. Anaishi kisiwa ambacho maji yakijaa ndege haitui.

Yule mama akasema, "Ewe, wamjua vizuri. Mimi wangu alikuwa nyumbani siku zote, na nisingeweza kusema hata nusu ya hayo."

Nilikwenda kunawa uso.

Leo ni Jumapili. Theluji imekwisha, imebaki chafu kwenye pembe za maegesho. Harun amekwenda Plymouth, zamu yake ni ya mchana mpaka usiku, na wiki ijayo pia. Ni mtu mwema, anaongea taratibu, lakini nyumba ni tulivu kuliko nilivyodhani ndoa itakavyokuwa. Nimekula nimeketi.

Uliniuliza nitakuandikia kuhusu nini. Nimekaa na swali hilo tangu Februari. Idhini ninayo, mume ninaye, Sheikh amemaliza kazi yake, na hakuna anayeniuliza tena kama upo. Hakuna kitu ninachokihitaji kutoka kwako, Baba.

Basi niandikie.

Binti yako,
Lubna