Gitaa la Vichwa Viwili

Tarehe 6 Februari

Kaka yangu,

Shikamoo. Sijui kama barua hii utaifungua au utaiwashia jiko. Ukiifungua, ujue mimi ni mzima, isipokuwa mgongo, na mikono inayowasha. Wewe hali yako? Na magoti ya Mama? Mwambie ile dawa ya kuchua niliyotuma aitumie, asiifungie kabatini akiisubiri siku atakayoumwa zaidi.

Miaka sita nimekutumia salamu, na majibu huwa yanakuja kwa mwandiko wa Mama. Nakubali, nimeyataka mwenyewe. Lakini leo nina habari ambayo nikinyamaza nayo nitapasuka.

Kazi yangu unaijua kwa kusikia. Kiwanda hiki kinatengeneza mapanga ya mitambo ya upepo, kila panga refu kuliko mtaa wetu mzima. Tunatandika kitambaa cheusi cha nyuzi za kaboni ndani ya kalibu yenye umbo la panga, tabaka juu ya tabaka, tunafunika kwa plastiki, pampu inanyonya hewa yote, gundi inapenya, halafu tanuri. Kikitoka ni chepesi, na ukikigonga kwa kidole kinalia. Hicho kilio ndicho kilichoniponza. Nilikisikia siku ya kwanza kazini na nikasema moyoni, hiki ni gitaa.

Basi natengeneza gitaa. Vipande vya kitambaa vinavyobaki huwa vinatupwa. Nimemwomba msimamizi, akasema, "Chukua, mradi usinitengenezee jeneza." Mzee wa kalibu, ambaye hajawahi kushika gitaa maishani mwake, amekubali kunichongea kalibu kwa mchoro wangu. Jumapili asubuhi tanuri huwa halina kazi.

Litakuwa na tumbo moja na shingo mbili. Shingo moja nyuzi kumi na mbili za rizimu, nyingine nyuzi sita za solo. Mvua haitalivimbisha, jua halitalipasua kama yale ya mbao. Nitapiga rizimu, nitaruka kwenye solo, nitarudi. Sitamsubiri mtu, wala mtu hatanisubiri mimi.

Nisalimie Mama.

Mdogo wako


Tarehe 27 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako niliifungua kwa sababu jiko lilikuwa limeshawaka.

Mama hajambo. Dawa anaitumia, ila anapaka goti moja tu ili isiishe. Mimi mzima. Viatu vya watu vinanipa kula, na sindano bado inanichoma kidole kilekile.

Umeandika kwa furaha, nami nilitaka nifurahi. Halafu nikafika pale kwenye kumsubiri mtu. Nikuulize, unakumbuka nani alimsubiri nani? Uliacha karatasi chini ya birika siku ya Alhamisi: "Nimepata kazi, gari linaondoka alfajiri." Jumamosi, siku yetu ya kupiga, ukumbi ulikuwa umejaa. Nilidhani utarudi, wallahi nilidhani. Nikapanda jukwaani na benchi letu la watu wawili, nikakaa upande wangu wa kulia, nikapiga rizimu ya wimbo mzima ambao solo yake haikuja. Muuza nyama ndiye aliyeanza: "Nusu nyingine iko wapi?" Ukumbi ukaangua kicheko.

Mpaka leo mtaa unaniita Nusu. Watu wazima wenye heshima zao wanaleta viatu, "Nusu, soli hii itapona?" Nashona, narudisha. Mama hajakanyaga ukumbi ule tena. Mimi gitaa nimelitundika, na mvua za mwaka juzi zimelimaliza. Gundi imeachia, mgongo umebanduka kama soli.

Sasa umejitengenezea chombo cha kunifuta kabisa. Hongera. Ila nijibu swali moja la fundi viatu: shingo umeongeza ya pili, mikono je?

Kaka yako


Tarehe 19 Juni

Kaka,

Shikamoo. Nakuombea afya, wewe na Mama. Mimi mwili mzima, uso ndio sina.

Nimekaa karibu miezi minne bila kukujibu. Kwanza nilikasirika. Nikasema nitalimaliza gitaa, nitalipiga, nitakutumia sauti yake bila neno hata moja. Sasa limekwisha, na sina pa kulipeleka.

Nitakueleza kama lilivyotokea, hata ukicheka. Mchoro niliuchora baada ya zamu ya saa kumi na mbili, nyuma ya ratiba ya kazi, macho yakifumba. Nilichora tumbo, nikachora shingo yangu, nikachora na ya kwako. Nikampa mzee wa kalibu. Yule mtu akichonga hakosei hata unywele.

Kalibu ilipokuja niliona nafasi ya shingo upande mmoja. Upande wa pili nikaona tundu. Sisi huku kila kalibu ina tundu la kuunganishia bomba la pampu, kwa hiyo sikuuliza. Nilitandika kitambaa Jumapili tano. Nilikata mwenyewe, nikapaka gundi mwenyewe, nikalinda tanuri kama mtu anayelinda uji usimwagike. Tumbo lilipotoka lilikuwa jeusi, linang'aa, hadi msimamizi akajitazama meno ndani yake. Ndipo mzee wa kalibu akaleta shingo mbili na kuzichomeka, moja huku, moja kule. Moja inatazama mashariki, nyingine magharibi.

Nikamwambia, "Mzee, umefanya nini? Shingo zote zinakaa upande mmoja, moja juu ya nyingine."

Akatoa ratiba mfukoni, akaikunjua. "Mimi nimechonga ulichochora."

Na kweli, kaka. Nilikuwa nimechora shingo mbili zinazotoka nje, moja kushoto, moja kulia. Nilichora tulivyokaa, mimi huku wewe kule, tangu tukiwa na benchi moja nyumba nzima. Mkono wangu haujui magitaa mawili yakae vinginevyo.

Sasa nikipiga upande wangu, shingo ya pili inajitokeza chini ya kwapa langu la kulia kama mgeni aliyekosa kiti. Nyuzi zake kumi na mbili siwezi kuzifikia bila kujivunja. Na hata ningezifikia, zimefungwa kwa mpigaji wa mashoto, kama wewe. Wenzangu wamelipa jina, Nyoka wa Kuzimu. Wanakuja saa ya chakula kulitazama, wanaondoka wakitikisa kichwa.

Ila sauti. Nikigusa uzi mmoja upande wangu, zile kumi na mbili za upande wa pili zinaitika zenyewe bila kuguswa. Naligusa, nalisikiliza, nalirudisha chini ya kitanda.

Uliuliza mikono. Jibu ni kwamba haikutosha. Na lile la Alhamisi nisamehe. Niliogopa kukuaga kwa sababu ungeniambia nibaki, na ningebaki.

Mdogo wako


Tarehe 8 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba, tena marahaba mbili. Sisi wazima. Mama alinisikia nikicheka peke yangu karakana, akaja na fimbo akidhani nimerukwa na akili. Nikamsomea barua yako. Akakaa chini kwenye rundo la viatu vya watu na kusema, "Mwambie huyo mjinga amepatia."

Sikiliza nikwambie. Nimechukua chaki nikachora hilo gitaa kwenye benchi letu, kama ulivyolieleza. Nikakaa kwangu kulia. Shingo ya mashoto inakwenda kulia, mkono wangu wa kushoto unaanguka katikati ya tumbo. Kisha nikahamia kwako, nikakaa kama wewe. Mkono wako wa kulia nao unaanguka palepale katikati, jirani na wangu. Inawezekana. Tutagongana viwiko, lakini tumegongana viwiko tangu tunyonye.

Sehemu yako ya benchi nimekuwa nikiweka viatu ambavyo wenyewe hawakurudi kuvichukua. Nimevihamisha.

Nimekwenda kwa mwenye ukumbi. Alinitazama mguu hadi utosi. "Nusu, unataka nini tena?" Nikamwambia nataka Jumamosi ya mwisho ya Septemba. Akasema, "Na mwenzako akikosa tena? Mimi siuzi vichekesho." Nikamwambia mwenzangu akikosa, nitapanda mwenyewe nimwambie kila mtu jina hilo nimelikubali, mtaniita hivyo hadi kaburini.

Neno limeshatoka, mdogo wangu. Nimeacha kumsikiliza kila mtu, nakusikiliza wewe tu. Omba likizo. Njoo Alhamisi, siku ileile uliyoondoka. Usipotokea sitakukasirikia, ila kalamu hii nitaitumia kuandika bei za soli.

Lete Nyoka wako.

Kaka yako


Tarehe 10 Oktoba

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimefika salama, nimerudi kwenye vumbi jeusi na kujikuna. Vidole vyako vimepona malengelenge? Mama ameshaacha kusimulia, au majirani ndio wameanza kumkimbia?

Nakuandikia jambo ambalo hukuliona, ingawa ulikuwepo. Wewe ukipiga unafumba macho. Tangu utotoni. Kwa hiyo Jumamosi ile wewe uliisikia tu, na mimi niliyekuwa macho sina budi nikupe sehemu yako.

Tulipoingia na lile sanduku, muuza nyama alikuwa mstari wa pili, amevaa shati la sikukuu. Nilipolitoa gitaa, shingo moja huku nyingine kule, alisema kwa sauti, "Hawa wamelikalia likavunjika?" Walicheka, ulisikia. Ulichokisikia ni kicheko, mimi niliona na sura. Niliona watu wakiegemea viti kwa raha, wakijiandaa kwa ile ya miaka sita iliyopita. Mwenye ukumbi alikuwa amesimama mlangoni na mkono kwenye swichi ya taa, yuko tayari kutuzimia.

Tukakaa, mimi kushoto, wewe kulia. Gitaa likalala kwenye paja langu la kulia na paja lako la kushoto. Kiwiko chako kikanigonga mbavuni, ukaninong'oneza, "Usiharakishe, hatuna gari la alfajiri." Nikakosa pumzi ya kucheka.

Ukaanza rizimu. Nyuzi kumi na mbili zilivyoamka, nilizihisi kwenye paja langu kabla ya kuzisikia. Nikaingia na solo. Kaka, miaka ile ya mbao kila mmoja alikuwa na gitaa lake, tukasikilizana kwa masikio. Safari hii ukibonyeza wewe, natetemeka mimi. Ulipotaka kupunguza mwendo nilijua kabla hujapunguza.

Wimbo wa kwanza hawakupiga makofi. Ulidhani wamechukia, nilikuona ukikaza kope. Hawakuchukia. Walikuwa wamesahau kufunga midomo. Muuza nyama alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili kama mtu aliyefika msibani akakuta harusi. Wimbo wa pili wale wa nyuma wakasimama juu ya viti. Wa tatu mwenye ukumbi akaiacha swichi, akaja katikati akaanza kucheza na mwiko wa jikoni mkononi. Hukumwona. Wewe ulikuwa umefumba.

Na Mama. Aliingia wimbo wa nne. Hakuwa ameniambia atakuja, hata wewe hakukwambia. Alisimama palepale penye mlango na fimbo yake, kisha akatembea hadi mstari wa mbele bila kuangalia mtu, magoti yote mawili, hata lile asilolipaka. Muuza nyama alinyanyuka akampa kiti. Mama hakukaa. Akamwambia neno, nami nililisoma midomoni: "Hesabu. Wako wangapi?" Yule bwana akajibu kwa adabu, "Wawili, Mama." Akasema, "Basi."

Ulifumbua macho mwisho kabisa, ukumbi mzima ukiwa wima, ukaniuliza, "Wanaondoka?" Nakujibu sasa. Hawakuwa wanaondoka.

Nimekuachia gitaa makusudi. Kwenye mfuko wa sanduku kuna karatasi ndogo ya langoni kwetu. Siku ya kulitoa kiwandani mlinzi alinizuia, msimamizi akaandika: "Chombo kimoja, mali ya mfanyakazi huyu," akagonga muhuri. Sijawahi kuwa na karatasi inayosema kitu ni changu. Nimeitembeza kifuani safari nzima, naitoa, naisoma. Kabla sijaondoka huko niliirekebisha kwa kalamu. Itazame.

Mkataba wangu unakwisha mwisho wa Novemba. Wameniletea mwingine nisaini. Upo mezani na nimeuwekea kikombe cha chai.

Mdogo wako


Tarehe 2 Novemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Wote wazima. Mama sasa anapaka magoti yote mawili, anasema ana mahali pa kwenda Jumamosi.

Karatasi nimeiona. Umefuta "mfanyakazi huyu" ukaandika "ndugu wawili wa benchi moja." Muhuri uko palepale. Nimeitia kwenye fremu, nimeitundika karakana, juu ya bei za soli.

Muuza nyama alileta viatu juzi. Akafungua mdomo, "Nu...," akaufunga, akakohoa, akasema, "Fundi, habari za asubuhi." Nikamshonea vizuri.

Mwenye ukumbi amepita mara tatu. Anataka kila Jumamosi. Nimemwambia mimi peke yangu hilo gitaa siwezi hata kulipakata sawasawa, asubiri. Amesema atasubiri, na amebandika tangazo bila tarehe.

Kila jioni nikifunga kazi nalitoa, nalipangusa, nagusa uzi mmoja wa kwangu. Wa kwako unaitika. Mama akiusikia kutoka jikoni anasema, "Huyo hajaja bado?"

Benchi nimelipiga msasa, upande wa kushoto tu. Wa kwangu umeshalainika wenyewe.

Barua hii usiijibu kwa kalamu.

Kaka yako