Sala Isiyo na "Mimi"

Kwa Mshauri wetu mheshimiwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, nami naamini u mzima wa afya pamoja na wote ulio nao. Kabla ya yote naomba radhi kwa kuchelewa, kwa maana ulitualika wasomaji wa gazeti tukuandikie habari za imani kabla Majilio, yale majuma manne ya kungoja Noeli, hayajaanza, na sasa mishumaa mitatu kati ya minne imekwisha kuwashwa kanisani. Si uvivu, bali nimechana barua tatu kwa aibu, na hii ya nne nimeamua isichanwe, hata kama mwandiko wangu unatetemeka kwa baridi.

Mimi ni mgane wa miaka sabini na minane, kazi yangu ilikuwa kujalidi vitabu, nami nimekuwa mzee wa kanisa muda mrefu kiasi kwamba vijana hudhani nililetwa pamoja na mabenchi. Nilisomeshwa na wamisionari katika shule ya bweni, na mwalimu wetu wa dini alitufundisha kwamba mtu mwenye adabu hamwombi Mungu kwa "mimi", kwani huo ni ubinafsi, bali kwa "sisi": utusamehe, utulinde, utupe, na aliyeteleza akasema "unisamehe" alisimamishwa pembeni hadi kengele ya chakula. Somo hilo liliniingia mifupani. Kwa miaka hamsini ya ndoa niliomba hivyo kila jioni kabla ya kula, na marehemu mke wangu, ambaye hakupitia bweni, alizoea kunitania, "Baba, huyo 'sisi' unayemwombea kila siku ni nani? Mimi sala zangu nimeshazipeleka mwenyewe." Nami nilikuwa nikimjibu, "Mama, kula, chakula kinapoa."

Basi mwaka jana, majira kama haya, aliugua, na alasiri moja akaniambia, "Leo niombee mimi. Usinichanganye na umati. Nitaje jina, halafu umwambie Mungu wewe unataka nini." Tulisimama kando ya kitanda, tukaanza kama tulivyozoea, Baba utuangalie sisi watumishi wako, na tulipofika Amina alikuwa amegeukia ukutani, tukaenda kuchemsha maji ya chai, na siku ya tatu akafariki, na hapo ndipo tulipokosea.

Tangu hapo naomba peke yangu mezani, na juzi nilijisikia nikisema "utubariki sisi sote tulioketi hapa", na viti vitatu vi wazi mbele yangu, nikashindwa kuinua kijiko. Najaribu kusema "mimi", lakini ulimi unagoma, napaliwa kama mtoto anayengoja kusimamishwa pembeni. Sasa Noeli inakaribia, na asubuhi ile mimi ndiye nishikaye sahani ya mkate kwenye Meza ya Bwana, nami najiona mnafiki, mtu aliyewahudumia wageni maisha yake yote na hajawahi kuzungumza na mwenye nyumba. Nimefikiri nimwambie mchungaji kwamba nina mafua. Binti yangu, muuguzi, aliyekuja kwangu jana kwa likizo, amecheka: "Baba, wewe na mafua? Siku ya harusi yangu ulilowa chapachapa kwa mvua, na hukupiga hata chafya moja!" Nakuomba basi unieleze kama mtu wa umri wangu aweza bado kumwamini Mungu kwa nafsi yake, au ni heri nikae mbali na Meza kwa heshima.

Uniwie radhi kwa urefu. Barua hii ataileta kwa mkono shemeji yangu, mdogo wa marehemu, ashonaye mapazia jirani na ofisi yenu, yaliyomo hayajui.

Wako mnyenyekevu,
Mzee Jalada

*

Shikamoo, mzee wangu, na pole sana. Uniwie radhi na wewe, maana nitakukaripia kama binti yako wa pili.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu nyekundu. Ukieleza mwandiko, kazi na hayo mafua, unasema "mimi" bila shida. Ukifika kando ya kitanda cha mkeo, ghafla "tulisimama", "tukaenda kuchemsha maji", "tulipokosea". Mlikuwa wangapi chumbani humo? Birika hilo lilishikwa na watu wangapi? Sala ya "sisi" haina kosa, Sala ya Bwana yenyewe ni ya "sisi". Lakini wewe umeigeuza kichaka, na umejificha humo tangu ukiwa mwanafunzi.

Mkeo aligeukia ukutani. Sitakuambia kwamba hakuumia, sikuwepo. Ila alikuomba umwambie Mungu wewe unataka nini, na hilo hujalifanya hadi leo. Lifanye leo jioni, kabla ya chakula, kwa sauti, sentensi moja: "Nilitaka asife." Ukipaliwa, kunywa maji, uanze tena. Kesho yake sema "Nisamehe", uishie hapo hapo. Usiipambe, wewe ni fundi wa majalada, nakujua. Kisha mwite binti yako umsimulie alasiri ile, maana aliyefariki ni mama yake, na haki ya kujua anayo.

Mafua usiyo nayo usimpelekee mchungaji. Uongo wa kukwepa unafiki ni unafiki uliovaa skafu. Unauliza kama umechelewa kuamini: mtu asiyeamini hapaliwi, mzee wangu, husema tu maneno akala.

Asubuhi ya Noeli nenda mapema, vaa koti zito, shika sahani yako. Kila unayempa mkate utamwambia, "Mwili huu ulitolewa kwa ajili yako." Zamu yako ikifika, mzee mwenzako atakuambia maneno hayo hayo. Usigeuke nyuma kutazama anaambiwa nani.